Naomba ushauri: kula nje Dar es Salaam bila nyama, samaki, maziwa wala mayai

Mhasibu wa Posta (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri wenu katika jambo ambalo kwa baadhi yenu litaonekana dogo, lakini kwangu limekuwa la kila siku ya kazi. Tangu mwaka jana nimeacha kabisa vyakula vyote vitokanavyo na wanyama: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, siagi, samli na hata asali. Sababu zangu ni za dhamiri. Sioni haki ya kumchinja mnyama pale ninapoweza kushiba na kuwa na afya bila yeye, ingawa sitarajii kila mtu akubaliane nami na sijaja hapa kumhubiria yeyote.

Nilipokuwa Morogoro sikupata taabu, kwa sababu nilijipikia nyumbani na soko lilikuwa karibu. Sasa nimehamishiwa Dar es Salaam. Ofisi yetu iko katikati ya jiji, nyumba niliyopanga iko Mbagala, naondoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo chai ya asubuhi na chakula cha mchana ni lazima nile nje, na baadhi ya jioni huwa tunakaa na wateja wa kampuni katika mikahawa ya Masaki na Oysterbay, ambako siwezi kuchagua mahali.

Ukitazama sinia na masufuria ya mama lishe yeyote utaona maharage, mchicha, matembele na wali, na utadhani mtu kama mimi amefika peponi. Lakini ukikaa na kula ndipo yanapojitokeza yaliyofichika: wali umemwagiwa upawa wa mchuzi wa ng'ombe ili "usiwe mkavu", kisamvu kimetiwa dagaa, maharage yameungwa kwa kiungo cha pakiti chenye ladha ya nyama, chapati imekandwa kwa maziwa. Nikiuliza kama chakula kina nyama najibiwa kwa moyo mweupe kabisa kwamba hakina, kwa maana mchuzi, dagaa na samli havihesabiwi na wengi wetu kuwa nyama. Anayenijibu hanidanganyi, ila swali langu halimfikii.

Naomba mnisaidie hivi. Kwanza, katikati ya jiji, kuanzia Posta hadi Kariakoo na Upanga, nitafute wapi na nitafute vyakula gani? Pili, nimwulizeje mpishi bila kumkera wala kumfanya aone namtilia shaka usafi wake? Tatu, hizo jioni na wateja nizikabili vipi? Bajeti yangu ya mchana haizidi shilingi 5,000, kwa hiyo hoteli kubwa kwa chakula cha kila siku haziniwezekani.

Binti wa Gerezani

Ndugu mleta uzi, karibu Dar es Salaam. Nimelelewa kwenye kibanda cha chakula cha marehemu mama yangu, nami nimepika hapo kwa miaka mingi, basi nitakujibu nikiwa upande wa pili wa sufuria.

Unachopaswa kukijua kwanza ni saa za jikoni. Mama lishe huanza kazi alfajiri. Maharage huchemshwa peke yake kwa muda mrefu, bila kitu kingine ila maji, na chumvi huja baadaye. Kuyaunga kwa kitunguu, nyanya, mafuta au tui la nazi hufanyika kuelekea saa nne au saa tano. Mboga za majani nazo huungwa mwisho, wateja wa mchana wakiwa karibu kuingia. Ukija saa saba ukaanza kuhoji, kila kitu kimekwisha kuamuliwa, foleni ni ndefu, na mpishi aliyechoka atakujibu lolote litakalokufanya ukae na kula. Ukipita asubuhi, kabla ya kuungwa, ukasema kwa adabu, "Mama, mimi huwa sili nyama, samaki, dagaa, maziwa wala samli, nakuomba leo unitolee maharage kidogo pembeni kabla hujatia kiungo cha pakiti," umemwomba kitu kisichomgharimu chochote. Atakutolea kibakuli chako. Ukirudi kesho na keshokutwa, hutahitaji kusema tena. Ataanza yeye kukuambia kwamba leo kisamvu kina dagaa, usikiguse.

Taja vitu kimoja kimoja. Usiulize kama kuna nyama. Uliza kama kuna dagaa, kama kuna samli, kama kuna kiungo cha pakiti, kama mchuzi uliomo umetoka kwenye sufuria ya ng'ombe. Wala hana sababu ya kuudhika, kwa sababu maswali hayo hayahusu usafi wake, yanahusu mapishi yake, na sijaona mpishi asiyependa kueleza mapishi yake. Ukiongeza kwamba ni utaratibu wako wa maisha, atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, maana siku zote tumehudumia wenye mwiko wa ukoo, wanaofunga na waliokatazwa na daktari.

Kuhusu upawa, hapo umesema kweli tupu. Upawa mmoja huzunguka masufuria yote. Omba upakuliwe wa kwanza, au omba kijiko kingine, na useme mapema kwamba wali wako usimwagiwe mchuzi, kwa sababu mkono wa mpakuaji una mazoea na utakumwagia kabla hujafungua kinywa.

Vyakula vya kutegemea ni wali wa nazi au ugali kwa maharage, kunde, choroko au mbaazi za nazi, pamoja na mchicha, matembele, majani ya maboga au figiri. Mlenda uliotiwa karanga ukiupata, usiuache. Makande ni mazuri sana, ila uliza kama ameyaunga kwa nazi au kwa maziwa, maana kuna wanaofuata desturi za nyumbani kwao. Kisamvu kiulize kila siku upya hata kwa mpishi yule yule. Pilau liepuke hata kama watakuondolea vipande vya nyama, kwa kuwa mchele wake umeiva ndani ya supu ya nyama hiyo. Kwa bajeti yako ya shilingi 5,000 utakula ushibe, na ya maji ya kunywa itabaki.

Jambo la mwisho: siku ya Ijumaa wapishi wengi huelekeza nguvu kwenye pilau na maharage huwa machache, basi wahi.

Mkazi wa Upanga

Nyongeza kwa aliyosema dada wa Gerezani. Kutoka Posta unaweza kutembea kwa miguu hadi Kisutu, kwenye mtaa wenye mahekalu ya Wahindu, na katika mitaa ya jirani utakuta mikahawa na maduka ya vitafunwa ya Wahindu ambayo hayapiki kabisa nyama, samaki wala mayai. Hapo hofu ya upawa na ya mafuta yaliyokaangia kuku inakwisha mlangoni, nami nadhani hilo pekee linatosha kukufanya uwe mteja.

Hata hivyo usiingie ukidhani umefika. Watu wanaojiepusha na nyama kwa dini ya Kihindu au ya Kijaini, dini nyingine ya India, huyapenda sana maziwa. Mjaini anaweza kuwa hali hata kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, kwa kuwa ni vitu vinavyong'olewa na mizizi yake, na bado akanywa mtindi mezani. Dengu zilizoungwa vizuri mara nyingi zimemaliziwa kwa samli iliyochemshwa na bizari nzima. Chapati zao nyembamba hupakwa samli zinapotoka jikoni, mkate wa naani kwa kawaida una mtindi ndani yake, mchuzi wa kadhi wenyewe ni mtindi, na vile vipande vyeupe laini kwenye mchuzi wa spinachi ni jibini. Vitamu vyao vingi ni maziwa yaliyokaushwa na sukari.

Kwa hiyo agiza hivi: mchuzi wa dengu nzima, mchuzi wa bamia, au wa viazi na koliflawa, uliopikwa kwa mafuta bila samli, pamoja na wali mweupe au chapati zisizopakwa kitu. Penye mapishi ya India ya kusini kuna dosa, mkate mwembamba wa mchele na mbegu za jamii ya kunde uliochachushwa, ambao ukikaangwa kwa mafuta unakufaa kabisa, na kuna idli, ambayo hupikwa kwa mvuke na haihitaji mafuta hata kidogo. Uliza tu kama chatne ya nazi imechanganywa na mtindi. Bhajia za unga wa dengu na kachori za viazi ni salama katika maduka hayo.

Usisahau pia kwamba si kila mkahawa wa Kihindi ni wa Wahindu wasiokula nyama. Mitaa hiyo hiyo ina Mabohora na Waismailia, ambao ni Waislamu na mishkaki yao inasifika mji mzima. Uliza kwanza.

Mzee wa Kahawa

Kuhusu asubuhi, mwanangu, usihangaike. Vitumbua vya mchele na tui la nazi kwa kawaida havina maziwa wala mayai. Mihogo ya kuchemsha au ya kukaanga, magimbi, viazi vitamu, chai ya rangi yenye tangawizi, kahawa chungu na kashata, vyote hivyo vipo tangu zamani na havikuhitaji jina jipya. Maandazi ndiyo ya kuulizia, kwa sababu wa pwani hukanda kwa tui la nazi na wengine hukanda kwa maziwa na yai. Chapati za maji ziache, karibu zote zina mayai.

Sauti ya Pili

Naheshimu msimamo wa mleta uzi, lakini naomba nitofautiane na waliotangulia. Mama lishe ana wateja wengi na mikono miwili. Kumtaka atoe kibakuli pembeni, abadilishe upawa na aeleze kila kiungo ni kumwongezea kazi kwa ajili ya sahani moja ya bei ndogo. Kwa nini usibebe chakula chako kutoka nyumbani? Tena kama utakula chipsi kavu kwenye kibanda, mafuta yale yamekwisha kukaanga kuku tangu asubuhi. Sasa utakuwa umeepuka nini?

Mhasibu wa Posta (mleta uzi)

Ndugu Sauti ya Pili, hoja yako ni ya haki na nimeitafakari. Kubeba chakula nitafanya siku nitakazoweza, ila anayetoka Mbagala alfajiri na kubanana kwenye gari akiwa na bakuli la mchuzi anajua ugumu wake, na chakula cha nazi hakivumilii joto la Dar es Salaam hadi saa saba. Zaidi ya hapo, kula pamoja na wenzangu wa ofisini ni sehemu ya kazi na ya undugu, na sitaki imani yangu inifanye nijitenge na meza yao.

Kuhusu mafuta ya chipsi, mimi binafsi siyali. Najua wapo wenye msimamo kama wangu wanaosema kwamba hakuna mnyama wa ziada anayechinjwa kwa sababu ya mafuta yaliyokwisha kutumika, na hoja hiyo ina uzito wake. Kwangu ladha ya kuku iliyomo inatosha kunizuia.

Dada wa Gerezani, naomba kuuliza: je, niongeze malipo kwa kibakuli hicho cha pembeni?

Binti wa Gerezani

Hapana, ndugu yangu. Ukimwongezea fedha kila siku utakuwa umelifanya ombi lako liwe mzigo wa kulipiwa. Mlipe bei yake, mlipe siku hiyo hiyo bila kukopa, na siku usiyokuja mwarifu asubuhi ili asikuwekee. Hicho ndicho anachokithamini. Na kwa ndugu Sauti ya Pili, kutoa maharage kabla ya kiungo ni kazi ya kuchota mara moja. Yaliyokuwa yakitulemea ni ya mteja anayekataa sahani ikiwa imeshapakuliwa, kwa sababu chakula hicho hatukuweza kukirudisha sufuriani.

Afisa Lishe

Ndugu mleta uzi, wanajukwaa wamekujibu kuhusu mahali na mapishi, nami naomba nitie neno la afya, kwa sababu naona hukuligusia. Mahindi au mchele pamoja na maharage, kunde au dengu vinakupa protini iliyo kamili kiasi cha kutosha, kwa kuwa kile kinachopungua katika nafaka kinapatikana katika jamii ya kunde. Usiruhusu siku ipite kwa chipsi na soda ukajiambia umekula bila mnyama. Hapo umeepuka nyama lakini hukula.

Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani na kunde hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko yale ya nyama, na vitamini C huyasaidia. Kamulia ndimu juu ya mchicha, au kula kachumbari na chungwa pamoja na chakula. Chai na kahawa huzuia ufyonzwaji huo, hivyo ni vyema uvinywe mbali kidogo na mlo.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni vitamini B12. Hakuna chakula cha kawaida cha mimea kinachoitoa kwa uhakika. Majani ya mlonge, pamoja na sifa zake nyingi, hayaondoi haja hiyo. Mwili huwa na akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hujiona mzima kwa muda mrefu, kisha huja upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu, na madhara ya neva ambayo mengine hayarudi nyuma. Zungumza na daktari au mfamasia upate vidonge vya B12 na uvitumie kwa utaratibu, wala usisubiri dalili.

Mwenyeji wa Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Sisi huku tuna kibanda cha githeri (makande), ndengu na sukuma wiki karibu kila kona, na katika mtaa wa Parklands tuna mikahawa ya Wahindu kama hiyo ya Kisutu, kwa hiyo hali zetu zinafanana. Nililotaka kuongeza ni mikahawa ya Waethiopia, ambayo najua Dar es Salaam pia ipo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, isipokuwa siku 50 zinazofuata Pasaka, na mfungo wao ni wa kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Kwaresma yao ni ya siku 55. Basi jikoni mwao kuna mapishi kamili ya mfungo: dengu nyekundu zenye pilipili, mchuzi mzito wa unga wa dengu, kabichi na karoti, mboga za majani, vyote vikipangwa juu ya injera, mkate wao mwembamba mchachu. Mwambie mhudumu kwamba unataka chakula cha mfungo, naye ataelewa papo hapo. Siku zisizo za mfungo uulize kama mchuzi umetiwa siagi yao ya viungo, maana ndiyo inayoungia vyakula vingi. Ni mahali pazuri pa kumpeleka mteja, kwa sababu wanaokula nyama nao watakula vizuri katika sinia hilo hilo, upande wao.

Mpishi wa Hoteli

Ngoja nijibu swali la tatu, ambalo naona limeachwa, nami nimo katika kazi hiyo.

Usisubiri ufike mezani. Ukishajua mkahawa, piga simu siku hiyo mchana, kati ya saa tisa na saa kumi, wakati jiko limetulia, na uombe kuzungumza na jikoni badala ya mapokezi. Eleza usichokula, kisha uulize mpishi anaweza kukuandalia nini. Tunayo siku zote mboga mbichi, mchele, viazi, nazi na dengu, na mpishi aliyearifiwa mapema hukupikia chakula cha heshima, ilhali aliyeshtukizwa saa mbili usiku ukumbi ukiwa umejaa atakupa sahani ya mboga za kuchemsha na utaona aibu mbele ya mteja wako.

Kama ni mkahawa wa Kilebanoni umepata bahati: kuna hamusi ya dengu na ufuta, falafeli (bhajia zao za dengu), tabule (saladi ya majani) na mikate yao, na kitu cha kuulizia ni mtindi katika biringanya za kuponda. Kwenye mikahawa ya Kitaliano omba piza ya nyanya na kitunguu saumu bila jibini, au tambi kavu, kwa sababu tambi mbichi zinazokandwa hapo hapo mara nyingi zina mayai. Kwenye ya Kichina na ya Kithai uwe mwangalifu zaidi kuliko kote. Sahani ya mboga na tofu (soya iliyogandishwa) huonekana safi kabisa, lakini huungwa kwa sosi ya chaza au ya samaki, na wali wa kukaanga huwa na yai. Sema wazi kwamba unataka sosi ya soya peke yake.

Programu ya simu ya HappyCow, iliyoanza mwaka 1999 kama tovuti, huorodhesha mikahawa yenye chakula kisicho na nyama katika miji mingi duniani, na Dar es Salaam imo. Itumie kupata fununu, halafu upige simu uhakikishe, kwa sababu mikahawa ya mji huu hufunguliwa na kufungwa haraka.

Kwenye harusi na semina, ambako chakula hujipakulia mwenyewe, mtafute msimamizi wa chakula kabla ya watu kuitwa mezani. Mwulize wali upi haukupikwa kwa supu, maharage yameungwa kwa nini, na saladi ipi haina mayonezi, kwa kuwa mayonezi ni mayai. Kama semina imeandaliwa na ofisi, waandalizi huwa wanatuletea idadi ya wageni siku moja au mbili kabla. Waombe waandike haja yako katika karatasi hiyo hiyo, na sisi tutakupikia sahani yako peke yake na kuifunika, na utaikuta kwa mhudumu wa meza ya chakula.